Upondo Usiokwenda Majini

Kasenga, 3 Machi 1971

Mwanangu Zabibu,

Assalamu alaykum. Natumaini barua hii itakukuta na afya, wewe na shangazi yako Amida na ile cherehani yake isiyolala. Sisi huku ni wazima. Kaka yako Yuma amejikata kidole kwa shoka. Kidole ni chake lakini shoka ni langu, kwa hiyo nimemgombeza.

Lililonishikisha kalamu ni hili. Mutale, yule mwenye lori la samaki, amerudi kutoka Lubumbashi akaniambia mbele ya watu: "Muzee, binti yako iko mwalimu ya ballet sasa. Bantu banamuheshimu sana." Alidhani ananipa habari njema. Mimi niliendelea kupiga randa ubao wa mtumbwi, ila sikuuona tena ubao wenyewe.

Ballet tunaijua hata huku. Mwaka jana, alipokuja mkubwa mmoja wa chama, wanawake waliletwa kwenye lori, wakavishwa majani kiunoni, wakamtikisikia juani mpaka alipomaliza bia yake. Tulipouliza hao ni nani tukaambiwa: ni ballet. Mmoja wao alikuwa na umri wa marehemu mama yako.

Nilikupeleka kwa shangazi yako ujifunze kushona. Umekuwa mtu mzima, siwezi kukufunga kamba. Lakini kazi hiyo sina radhi nayo, na unajua mtu asiye na radhi ya mzazi anavyokwenda.

Baba yako,
Sumaili


Lubumbashi, 21 Machi 1971

Baba yangu mpenzi,

Wa alaykum salaam. Nakuamkia kwa heshima, na kidole cha kaka nakipa pole. Shangazi hajambo, mgongo tu unamsumbua, na hataki kusikia kwamba ni uzee.

Barua yako niliisoma nikalia, kisha nikacheka, kisha nikalia tena. Baba, jina ni moja lakini vitu ni viwili. Kwetu Kasenga kulikuwa na Djuma wawili, mmoja akiuza mafuta na mwingine akiyaiba. Ulikuwa huwachanganyi.

Hii yangu ni ya Madame Jeanne, yule Mbelgiji ambaye shangazi humshonea nguo za wanafunzi. Nilikuwa nikienda kushika pini. Siku moja Madame akanikuta mlangoni naiga watoto, akanivuta ndani kwa mkono. Nilipokuandikia kwamba najifunza kwake, wewe ulidhani ni mazoezi ya viungo kama ya shuleni, nami sikukusahihisha. Sasa magoti ya Madame yamechoka, na watoto wadogo nawafundisha mimi.

Hakuna mlevi, Baba. Hakuna hata mtazamaji, isipokuwa mama zao wanaofuma sweta. Watoto husimama wameshika mti mrefu uliofungwa ukutani, miguu ikajifunza polepole, siku nenda siku rudi. Mimi huwaambia kwa Kiswahili chetu cha hapa: "Kamata muti, lakini usiulalie." Anayeulalia mti, siku akiachwa katikati ya chumba, huanguka.

Ila mti wenyewe umetuvunjikia mwezi uliopita mkononi mwa mtoto. Ndani ulikuwa unga mtupu, mchwa wameumaliza. Sasa tunashika migongo ya viti. Madame ameagiza mwingine Ulaya, utakaofika Mungu akipenda.

Naomba radhi yako. Sina kingine ninachoomba.

Binti yako,
Zabibu


Kasenga, 10 Juni 1971

Mwanangu Zabibu,

Salamu zangu na za nyumba nzima. Huku mto umeshuka na afya zimepanda. Nimechelewa kukujibu, kwanza kwa hasira, halafu kwa kazi.

Huo mti wenu ulioliwa na mchwa ulinikosesha usingizi kuliko ballet yenyewe. Nani aliwawekea mti laini ukutani? Na kuagiza mti Ulaya, mtu akiwa Katanga! Huyo Madame wako ni mtu mwema labda, lakini kwa mambo ya mbao ni maskini.

Nimekukatia mti wa mulombwa, kiini chekundu kitupu. Mchwa akiuonja anatubu. Nimeuviringa kama upondo, ule wanaosukumia mitumbwi penye maji mafupi, kwa sababu mkono wa mtu ni uleule, uwe unasukuma mtumbwi au unafanya hayo yenu. Nimeupiga msasa, kisha nikaupitisha shavuni, wala shavu halikulalamika. Kila mwisho nimetia alama yangu, chale mbili zilizopishana, ninayotia kwenye kila upondo ili mwizi asije akasema ni wake. Mutale atauleta.

Ni upondo mrefu kuliko zote nilizowahi kutengeneza, na ndio pekee usiokwenda majini.

Usidhani nimekupa radhi. Nimekupa mti.

Baba yako,
Sumaili


Lubumbashi, 15 Agosti 1971

Baba yangu mpenzi,

Salamu nyingi, na baada ya salamu, shukrani ambazo hata sijui nizikunje vipi ziingie kwenye bahasha. Sisi ni wazima. Shangazi ameuona mti wako akasema, "Kaka yangu aliwahi kunitengenezea hata kigoda?"

Mutale aliulaza chini ya magunia ya samaki makavu. Kwa majuma mazima chumba kilinuka Kasenga. Madame alivumilia, mwisho akaniuliza kama kuna mtoto aliyeficha chakula. Watoto wameupa jina, "muti ya samaki," na wanagombania kusimama penye chale zako.

Madame aliupitisha kiganja mwanzo mpaka mwisho, akasema aliyeutengeneza anaijua mikono ya watu. Nilimwambia ni baba yangu. Nilitaka uwepo usikie nilivyolisema hilo.

Njoo utuone, Baba. Siku yoyote.

Binti yako,
Zabibu


Lubumbashi, 2 Machi 1974

Baba yangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Tu wazima, mvua zinatupiga lakini paa linashika. Najua huko kwenu pia mmesikia jinsi mali za wageni zinavyogawiwa wananchi. Shule yetu nayo imegawiwa. Amepewa mwananchi mmoja, citoyen Mukuka, ambaye aliomba duka la mikate. Alipofika na funguo alisimama kwenye kioo kikubwa akajitazama, maskini, akasema: "Citoyenne, mimi minajua mukate tu. Mambo ya miguu ni yako."

Basi ndivyo nilivyokuwa directrice, mkuu wa shule. Madame Jeanne ameondoka na masanduku mawili. Alishika mti wako kwa muda, akaufuta kwa leso kama mtu anayemfuta mtoto uso, akaenda.

Nilisimama peke yangu kwenye kile chumba nikaona nimepata yote, isipokuwa neno lako. Miaka mitatu, Baba.

Binti yako,
Zabibu


Kasenga, 19 Aprili 1974

Mwanangu Zabibu, directrice,

Waalaykum salaam. Mimi mzima, macho tu yanaanza kuninyima herufi ndogo, kwa hiyo andika kubwa. Barua yako nimeisoma nyumbani, halafu nikaenda kuisoma tena sokoni, ingawa hakuna aliyeniomba.

Kuhusu neno unalolitaka. Nimekaa nalo, na sasa sina ugomvi nalo. Lakini radhi haipakiwi kwenye lori la samaki. Mzazi huitoa kwa kinywa chake na mtoto huipokea kwa masikio yake. Nina mitumbwi ya watu ya kumaliza. Nikiimaliza nitakuja, nikuone umesimama kwenye ule mti na watoto wako, ndipo nitalisema.

Baba yako,
Sumaili


Lubumbashi, 8 Septemba 1975

Baba,

Salamu. Sisi wazima. Mutale ameniambia unajiandaa kuja. Tafadhali usije sasa. Barabara ni mbovu, kuna vumbi, na shangazi anaumwa. Shule iko vizuri. Mti wako uko imara ukutani.

Subiri kidogo, nitakuandikia.

Zabibu


Kasenga, 9 Desemba 1975

Zabibu,

Salamu. Sikuulizi afya yako kwa kuwa nimeiona.

Nilikuja. Uliniambia nisubiri, nikasema mzee akisubiri sana huzikwa na maneno yake. Nikavaa kanzu yangu nyeupe, nikapanda lori la Mutale, nikafika asubuhi ya sikukuu ya chama. Watu walijaa kila barabara. Nikasimama karibu na posta, nikingoja maandamano yapite niulize njia ya shule yako.

Wakapita wenye kitambaa kikubwa cha chama, kimefungwa kwenye miti miwili mirefu. Miti ilikuwa myekundu. Ilipita karibu yangu kiasi cha kuigusa, nikaona chale zangu mbili juu ya ngumi ya mtu aliyeshika. Niliutambua mti wangu kabla sijakutambua wewe. Wewe ulikuwa nyuma yake, mbele ya watoto, umevaa kitenge chenye picha ya Raisi kifuani, unatikisika na kuliimba jina lake, meno yote nje. Jirani yangu akanigusa bega: "Baba, angalia ballet yetu ya Lubumbashi. Iko muzuri sana."

Nilikwenda shuleni. Mlinzi alinihurumia akanifungulia. Vyuma vilivyoushika mti vipo ukutani, havishiki kitu.

Sikukasirika kwa sababu ya kucheza. Najua siku hizi anayeambiwa cheza hucheza. Nimeumia kwa sababu uliniandikia kwamba mti uko imara. Radhi niliileta kinywani kutoka Kasenga mpaka Lubumbashi. Sikumkuta wa kumpa, nikarudi nayo.

Sumaili


Lubumbashi, 4 Januari 1976

Baba yangu,

Assalamu alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima, maana Mutale anasema mvua iliwanyeshea njia nzima na sasa unakohoa. Kunywa maji ya moto na umruhusu Yuma akutunze.

Baba, ulikuwa hapo na hukuniita. Ningetoka kwenye mstari, wallahi ningetoka mbele yao wote. Na mimi pia nina hasira, nisamehe, nakuandikia nayo.

Ilianza mwezi ule nilipokukataza kuja. Mukuka alikuja anatazama chini: "Citoyenne, banasema ballet ya bazungu imekwisha. Tuimbie chama, ao tufunge." Kufunga maana yake walimu wenzangu wawili wakose ugali, na mimi niitwe kuulizwa maswali. Nikaimba. Lakini mti ulikuwa ukutani bado, nilipokuandikia uko imara ulikuwepo, na kila watu wa chama walipotoka tuliushika.

Siku moja kabla ya sikukuu walikosa miti ya kitambaa, wakaja na msumeno. Nilisimama mbele yake. Mmoja akacheka akauliza kama nimeolewa nao. Waliukata mara mbili, wakachukua ncha zote mbili zenye alama zako. Cha katikati kilikuwa kifupi, wakakitupa uani. Nilikibeba begani kwa miguu mpaka Naviundu, ninakokaa.

Sikukuandikia haya yote kwa sababu niliona aibu, na kwa sababu nilitaka neno lako hata kwa kitu kilichokuwa kinakufa.

Baada ya sikukuu nilimrudishia Mukuka funguo. Amewaandikia wakubwa kwamba mgongo wangu umeharibika. Ni mtu mwema, wangempa tu mikate yake. Sasa nashona na shangazi, si directrice tena, si mwalimu wa mtu yeyote anayejulikana. Lakini kile kipande nimekipigilia ukuta wa nyuma ya nyumba, upande wa mto, na jioni wanakuja wasichana watatu. Kinatosha mikono mitatu. Mdogo wao anakilalia, nami nasema yaleyale.

Rudi, Baba. Hakuna shule ya kukuonyesha, wala sina cha kukuficha. Njoo na kinywa chako.

Binti yako,
Zabibu


Kasenga, 20 Februari 1976

Mdogo wangu Zabibu,

Salamu za kaka yako. Kaa chini kwanza, na shangazi Amida akae karibu yako.

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Baba ametuacha Jumanne. Kile kikohozi kilimshuka kifuani na hakikutoka. Tulimzika siku ileile, barabara imekatika kwa mvua, hatukuwa na njia ya kukuita. Usijilaumu kwa mvua.

Barua yako ilimkuta hai. Nilimsomea mimi, macho yalikuwa hayasomi tena. Alinirudisha mara nyingi pale pa wasichana watatu. Kisha akasema, "Mikono tatu ni kidogo," akataka atolewe nje, alazwe kwenye mkeka karibu na mbao. Alichagua mulombwa mwenyewe kwa kuugonga. Nimeupiga randa mimi na kuuviringa mimi, yeye amelala ananigombeza, na nadhani zilikuwa siku zake nzuri za mwisho. Umekwisha. Alama yake tu haimo. Nilimwekea patasi mkononi, mkono ukashindwa. Niliuliza nimtilie mimi, akatikisa kichwa. Basi nimeuacha hivyo, mtupu.

Sasa neno lako. Asubuhi ya mwisho aliniita akanisogeza karibu, akalisema lote, taratibu, na jina lako ndani yake. Nilichukua karatasi nikuandikie. Akanishika mkono: "Usiandike. Ile neno haiendake na lori. Utaibeba mu kinywa."

Nimelibeba. Siwezi kuiacha nyumba ya msiba kabla ya arobaini, lakini baada ya hapo, barabara ikifunguka, nitakuja na Mutale na ule mti. Nimemwambia safari hiyo hapakii samaki. Nalirudia neno kila asubuhi, nikiwa peke yangu kwa mbao, lisije likapungua.

Usiniandikie kuniuliza alisema nini. Ningoje.

Kaka yako,
Yuma