Siku Basi Lilipokuja Kaisho

Baba,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini nikianza bila salamu utaninunia hata huko uliko.

Basi lilikuja. Lilikuja Jumatatu ileile uliyotutangazia, asubuhi, tukiwa tunakuzika.

Mwaka mzima ulizunguka nyumba kwa nyumba, ukikusanya saini za kuomba basi, na alama za dole gumba za wasiojua kuandika, hadi yule tajiri wa mabasi wa Bukoba akakubali kujaribu mara moja. Akikuta abiria wa kutosha, basi litakuja kila wiki. Asipowakuta, tusimsumbue tena. Ukarudi unatugombeza kwa furaha: "Jumatatu hiyo hata asiye na safari apande! Akashukie Kimuli arudi kwa miguu!" Mama akasema bora uoe hilo basi, yeye apumzike. Wanakijiji wote waliahidi kupanda.

Kisha ukafa Jumapili, kwa homa ya siku mbili. Nawe unaijua desturi kuliko mimi: maiti akiwa hajazikwa, hakuna anayeshika jembe wala anayesafiri. Kaisho nzima ilikuwa migombani kwetu, wamevaa nguo walizoziweka kwa ajili ya basi. Honi ikapigwa. Tuliisikia sote. Ikapigwa tena, kwa muda mrefu. Watu wakatazamana, hakuna aliyeinua mguu. Nilikuwa na udongo mkononi, Baba. Nilishindwa kuutupa kaburini, nikashindwa pia kukimbia.

Karani wa yule tajiri, aliyekuja na basi, aliandika kwamba Kaisho hakuna abiria. Nimemwandikia tajiri barua mbili kumweleza. Jibu limekuja moja tu: kila kijiji kina sababu yake.

Mama sasa amevimba miguu. Hospitali ni mbali, itabidi tumbebe kwenye engozi, machela yetu ya miti, bega kwa bega, na vijana wa kubeba wanazidi kupungua. Sina la kufanya. Wakati mwingine nakukasirikia kwa kufa siku ile, kana kwamba uliichagua, halafu naona aibu, nalia.

Kwaheri, Baba. Nakuahidi nitaendelea kuandika, ingawa sijui kama kuna anayesoma. Na majirani nimeshawaambia, Mama akisikia: basi likirudi, hata ikiwa ni siku ninayozikwa mimi, waniache hapohapo shimoni, wakapande.

Mwanao,
Yustina