Taa Haina Macho

Chumba cha nyuma,
Nyumbani kwa kaka yako.
Jumapili, tarehe 9, asubuhi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Naliamkia na goti lako la kushoto, maana barua yako ya mwisho ilisema limeanza kukutawala. Je, ile dawa ya kuchua imesaidia? Usingizi unakuja? Bado unapanda zile ngazi hadi ghorofa ya tatu ukizihesabu kwa sauti na kuzitukana moja moja? Sisi huku tunapumua. Mama hajambo. Mimi ni mzima wa mwili. Ya kaka yako utayakuta kwenye karatasi yake, na karatasi hiyo ndiyo iliyonifanya niandike hii yangu.

Utaona kuna barua mbili ndani ya bahasha moja. Ya kwanza ni ya Baba. Ameisema, nami nimeiandika, kama tunavyofanya kila mwezi tangu presha ya macho ilipommalizia nuru. Unaujua utaratibu wake: akishasema yote namsomea mwanzo hadi mwisho, na hakuna karatasi inayoingia kwenye bahasha kabla haijasomwa kwa sauti. Anasema fundi saa hafungi mfuniko kabla hajaisikia mashine ikitembea. Hii ya pili ni yangu, na yeye hajui kama ipo.

Tafadhali soma ya Baba kwanza, kisha urudi kwangu.

Sasa umeshajua kwamba aliangushwa barabarani siku kumi na mbili zilizopita, kwamba mkono wa kulia umevunjika kwenye kifundo na utakaa ndani ya plasta wiki sita, na kwamba daktari hana hakika kama vidole vitarudia wepesi wa kushika bisibisi ndogo. Umeona pia alivyomwita yule mpanda baiskeli: "mwendawazimu mmoja, hana breki, hana haya, hana wazazi." Maneno hayo niliyaandika kwa mkono wangu, na mwandiko haukutetemeka hata kidogo.

Mpanda baiskeli huyo ni mimi, Shangazi.

Ili unielewe, sisemi unisamehe, lazima nikupe habari za mwenzangu mmoja wa maabara. Unajua kazi yetu ni kupima maji ya bomba, chupa baada ya chupa. Mwenzangu huyo tulimwita Bwana Kanuni, kwa sababu alinawa mikono mara tatu pale ambapo bango linasema mara mbili. Tulikuwa tukirudi nyumbani pamoja kwa baiskeli, naye hakuwahi kupita taa nyekundu, hata barabara ikiwa tupu kama ukumbi baada ya mtihani. Nilikuwa nikimtania, "Bwana Kanuni, hiyo taa umeipelekea posa?" Naye ananijibu bila kugeuka, "Tulia, dada. Wazazi wake wanajadiliana."

Mwaka juzi alisimama hivyo hivyo, mguu mmoja chini, ubavuni mwa lori la mchanga. Taa ikawa kijani. Lori likakata kona kushoto, dereva hakumwona. Mimi nilikuwa hatua kumi nyuma yao. Bwana Kanuni alikufa akiwa ametii kila kitu.

Tangu siku ile, nikikuta nyekundu na kuna lori, sisubiri. Naangalia kulia, naangalia kushoto, natangulia, ili kijani kikiwaka niwe mbali na magurudumu yale. Sikuanza kwa kiburi. Nilianza kwa hofu, ingawa hofu ikishazoeleka hufanana sana na kiburi, na siku hizi nashindwa kuzitenganisha.

Mwezi uliopita tulibishana mezani kuhusu jambo hili. Usidhani kaka yako alikuwa ameketi tu tangu macho yazimike. Kila siku alikwenda karakana peke yake na kurudi peke yake, akitengeneza saa za ukutani kwa kupapasa, na pale kwenye njia panda alivuka kwa masikio. Injini zikishuka sauti anahesabu moja, mbili, tatu, anatoka. Alikwishaipima ile taa: sekunde arobaini na mbili, naye alihitaji kumi na tisa tu. Basi jioni ile alikuwa amezikasirikia baiskeli zinazopita nyekundu.

"Gari likisimama nasikia," alisema. "Basi likisimama linahema kama ng'ombe aliyeshiba. Pikipiki inajitangaza yenyewe. Lakini baiskeli, mwanangu, ni paka."

Nikamwambia, na nilijiona nimesema neno la maana sana, "Baba, taa haina macho. Mimi ninayo."

Alicheka mpaka kijiko kikagonga sahani. "Basi mimi na taa ni ndugu, sote hatuna macho. Tunakutegemea wewe."

"Kuleni," akasema Mama. "Hapa mezani taa ni kijani."

Tukacheka sote. Kicheko kile ndicho kinachonirudia sasa nikiwa nasugua chupa za sampuli.

Jumanne ile ya ajali, ilikuwa saa kumi na nusu. Nilitoka kazini, nikafika kwenye njia panda ile iliyo karibu na karakana, pale penye meza ya muuza magazeti. Taa ilikuwa nyekundu. Kushoto kwangu lilisimama lori, la mchanga pia. Nikaangalia kulia, nikaangalia kushoto, sikuona mtu, nikakanyaga. Sikuona mtu kwa sababu lori lilikuwa limemziba. Lile lile nililokuwa nalikimbia ndilo lililonifichia baba yangu. Alitokea mbele ya pua ya lori akiwa ametanguliza fimbo, ametulia, mtu anayejua ana sekunde za kutosha. Usukani ukaikamata fimbo, naye akazunguka nayo, akaangukia mkono.

Nilipogeuka nikaona koti lake la kahawia chini.

Sasa nisikilize, maana hili ndilo baya kuliko lote. Sikusimama. Nilikata kona, nikaiegemeza baiskeli ukutani, nikavua kofia ngumu na kile kizibao kinachong'aa, nikavitia ndani ya mkoba wa begani, ndipo nikarudi. Mimi niliyesoma, ninayepima sumu hadi tone la mwisho. Nilipiga magoti, nikamshika, naye akanijua kwa sauti.

"Umefikaje upesi hivi, mwanangu?"

"Nilikuwa jirani, Baba."

"Mungu kakuleta," akasema.

Muuza magazeti alikuwa ameinama upande wa pili. Aliutazama mguu wangu wa kulia. Kile kibanio kinachozuia suruali isinaswe na mnyororo nilikuwa nimekisahau. Alikitazama, akanitazama usoni, akaendelea kumpangusa Baba vumbi. Kesho yake nilipokwenda kuchukua gazeti ninalomsomea Baba, alinipa na kusema, "Mpe Mzee pole." Kisha, nikiwa nimeshageuka, "Na wewe pole." Tangu hapo nanunulia kwingine.

Ungeingia nyumbani leo ungejua kuna msiba mdogo. Saa zote kumi na moja za ukutani zimesimama. Baba ndiye aliyekuwa akizitia ufunguo kila Jumamosi kwa mkono wa kulia. Mama alijaribu kumsaidia, akakatazwa: "Saa haipendi mkono wa huruma." Fimbo imenyooshwa, lakini Mama ameiweka juu ya kabati, na Baba hajaiulizia. Hilo linaniuma kuliko plasta. Anakaa karibu na dirisha. Juzi nilimwambia nitamsindikiza hadi karakana, akajibu kwa upole kabisa, "Nikipelekwa nitakuwa mzigo unaotembea. Acha kwanza." Mtu aliyekuwa akivuka kwa sekunde kumi na tisa sasa hafiki hata mlangoni.

Nimejaribu kujiuliza swali kama walivyonifundisha chuoni kuuliza maswali, pasipo machozi. Je, mwenye baiskeli aitii taa nyekundu? Bwana Kanuni alitii akafa. Mimi sikutii, na baba yangu ameketi dirishani. Nikisema taa ile iliwekwa kwa ajili ya magari, si kwa chombo chepesi kama changu, nakuta ni kweli kiasi. Lakini kuna watu waliojenga maisha yao juu ya nyekundu ile. Baba haioni. Anaamini tu kwamba sisi tumeiona. Nilipopita sikuivunja sheria ya halmashauri tu, nilimdanganya mtu aliyekuwa akinihesabia moja, mbili, tatu.

Siku hizi nasimama. Nasimama nyuma ya lori, si ubavuni, nameza moshi wake wote, lakini nasimama. Wengine wanaopita na baiskeli zao wananipigia kengele na kunicheka: "Mama, shuka uifagie na barabara kabisa!" Hofu haijaondoka. Nimeikataza tu isishike usukani.

Nilipoanza barua hii nilikusudia kukuomba wewe umwambie. Wewe ni dada yake mkubwa, ulimbeba mgongoni, na hakuna mwingine anayeweza kumwambia "nyamaza" akanyamaza. Lakini jibu lako litafika kwake kwa mdomo wangu. Mimi ndiye msomaji humu ndani. Nikajiuliza: nikifikia mstari ule, nitausoma au nitauruka? Jibu limenitisha. Ningeuruka, Shangazi, na sauti yangu isingebadilika, kama mwandiko wangu haukubadilika.

Kwa hiyo bahasha iko wazi hapa mezani. Kanuni ya nyumba hii ni kwamba hakuna karatasi inayoingia humo bila kusomwa kwa sauti, na hii nayo ni karatasi. Namsikia akikohoa sebuleni. Nikimaliza kukusalimia nitakwenda.

Msalimie mumeo, shemeji yake Baba, anayekoroma hata kwenye picha. Msalimie binamu yangu mwalimu, na Kibonge wake mdogo, mwambie yale maandishi yake ya penseli nimeyabandika juu ya kitanda. Wasalimie mawifi zako wote, hata yule mnayenuniana. Mungu akulainishie goti na ngazi, akupe usiku usio na mawazo, na akuweke mpaka tuonane.

Ni mimi nikupendaye, hata leo ambapo sijipendi,

Sindano wako.

Jumapili hiyo hiyo, adhuhuri.

Shangazi, nimemsomea. Yote, pamoja na kizibao na mkoba.

Hakunikatiza hata mara moja. Kwa kuwa hakuna saa inayotembea humu, sikuweza kujua nimesoma kwa muda gani. Mama alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi.

Nilipomaliza Baba akauliza, "Ulipotoka pale kona ulirudi kwa kutembea au kwa kukimbia?"

"Nilikimbia, Baba."

Akageuzia uso dirishani. Sikuweza kuuona. Kisha akamwambia Mama ateremshe fimbo kutoka juu ya kabati. Hakuinuka nayo. Aliilaza tu juu ya mapaja, akawa anaipapasa pale ilipokuwa imepinda.

"Chukua kalamu," akaniambia. "Barua yangu usifute kitu. Mwendawazimu, iache. Hana breki, iache. Hana haya, iache pia, tutaizungumza. Ila pale niliposema hana wazazi, kata. Andika anao."

Utapaona nilipokata, Shangazi. Mwandiko wa hapo si mzuri.