Kilo za Mbonimpa

Jumatatu, 6 Julai 1987

Tumerudi Nyaishozi kutoka hospitali ya misheni. Daktari wa upasuaji atakuja na ndege mwanzoni mwa Agosti. Ndipo utumbo wa mwanangu Mbonimpa utaunganishwa, na lile tundu la tumboni, alilotobolewa akiwa na wiki moja, litazibwa. Miezi minane napangusa tundu hilo na kufua vitambaa. Lakini Sista ametoa sharti — mtoto afike kilo saba. Akipungua hapo, dawa ya usingizi inaweza kumshinda, na daktari harudi tena mpaka mwakani.

Sasa hivi hata sita hajafika. Haya basi! Uji wa ulezi, maziwa, ndizi za kuponda na siagi. Mume wangu Xaveri anasema kwa mpango huu atakayenenepa ni yeye, maana masalio yote ni yake.

Alhamisi, 16 Julai

Ugomvi na kijiko. Nachota, anatema. Nachota, anatema. Akilia, utumbo unachungulia nje kwenye tundu. Nauogopa mpaka leo. Mama mkwe hauogopi. Anaurudisha taratibu kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, kama Sista alivyotufundisha, huku akiimba Kinyarwanda.

Leo ametoa ingobyi yake sandukuni, ile ngozi ya kondoo ya kubebea mtoto. Nzito, laini, bado inanukia siagi ya zamani. Ndiyo aliyombebea Xaveri walipovuka Mto Kagera mwaka ule wa kuikimbia nchi yao. Nikamuuliza aliacha nini kule. Ng'ombe, akasema, na kisima karibu na mlango. Hao ng'ombe alishawasahau. Kisima bado anakililia.

"Mwanangu, maji yake yalikuwa baridi hata kiangazi." Kisha akamfunga Mbonimpa mgongoni, na mtoto akalala papo hapo. Kanga yangu huipiga mateke!

Jumapili, 26 Julai

Anakula! Wiki nzima anafungua mdomo mwenyewe.

Baada ya misa tumempeleka kwa Methodius, karani wa mizani kwenye chama cha msingi. Ghala limejaa kahawa — harufu ile! Nikajiona niko kwetu Kiruruma, mtoto wa miaka sita. Baba ananitia kwenye gunia tupu, ananitundika kwenye ndoano ya mizani baada ya magunia yake. Karani wa siku hizo anasoma mshale kwa sauti ya kanisani: ukitoa gunia, huyu ni daraja la kwanza. Baba alicheka mpaka akakohoa. Kicheko kile kimezikwa naye. Nimemkumbuka mno, hata nisiangalie vizuri yaliyokuwa yakifanyika.

Mbonimpa naye alitundikwa, ndani ya ingobyi. Mshale ukapanda, ukatikisika, ukatulia. Saba, na kidogo juu yake! Xaveri akamtania Methodius: msimu mzima unatukata uzito wa gunia, leo je? Methodius akajibu kwamba huyu si kahawa, leo hakati kitu. Tukacheka wote. Njiani Mama mkwe aliimba mpaka nyumbani.

Jumanne, 4 Agosti

Hospitali. Ndege imeshatua. Sista amemvua Mbonimpa kila kitu, akamlaza kwenye mizani yao. Sita na robo. Akamwinua, akamlaza tena. Sita na robo.

Xaveri akasema labda mizani imeharibika. Sista akauliza, kwa upole tu, nyumbani tulimpimaje. Mama mkwe alikuwa ameshika ngozi mikononi. Akaipima kwa kuiinua kidogo.

"Gunia," akasema. "Hatukukata gunia."

Wajinga sisi! Kila msimu tunanung'unikia gunia, siku moja tu tukasamehewa, tukafurahi. Hata yule karani wa Kiruruma alitoa gunia. Nilikumbuka kicheko cha Baba, hilo sikulikumbuka. Nina hasira na wema wa Methodius. Nina hasira na mimi mwenyewe zaidi.

Sista hakutufukuza. Kesho daktari mwenyewe atamwona, ndiye atakayeamua. Ila tangu alfajiri asinyonye wala asile, awe tayari kama ikikubalika.

Jumatano, 5 Agosti

Bado tuko kwenye benchi. Daktari yumo ndani na mgonjwa mwingine. Mbonimpa amelia mpaka sauti imekwisha. Maziwa yangu yamelowesha gauni. Nikimnyonyesha, leo hapasuliwi. Nisipomnyonyesha, anazidi kupungua, na sisi tunatafuta uzito! Xaveri ametoka nje. Anasema anaangalia ndege. Najua analia.

Nimemwambia Mama mkwe kama ni kusubiri mwakani, sijui kama utumbo ule utanisubiri. Amemchukua mtoto, amemfunga kwa ingobyi, anatembea naye koridoni akiimba wimbo wake. Nikamuuliza ni wimbo gani. Alimwimbia Xaveri mtoni, amesema, ili asilie watu wakawasikia.

Mtoto amenyamaza. Shavu lake liko kwenye ngozi ile ile. Laiti wangetupimia hivi hivi, pamoja na kila kilichombeba.

Sista amefungua mlango. Anaita jina la Mbonimpa, hajasema kama ni kupasuliwa au kurudi nyumbani. Nimesimama, kalamu ingali mkononi. Mama mkwe ameanza kufungua kamba za ingobyi. Upande mmoja umelegea. Wa pili ameushika, hajaufungua.