Donge la Chumvi Mezani Kaole

Dada Mwanaidi, shikamoo. Joto la Kaole linatumaliza, ila mchuzi wao wa kamba una nazi nzito ajabu. Jana, kabla ya kula, niliweka donge la chumvi mezani, niwaeleze tena wanafunzi wangu wa chuo kikuu miale ya eksirei huakisiwa na matabaka ya atomi zake kwa pembe zipi. Mwenyeji wetu, Bi Zuhura, akalitazama.

"Kumbe mwalimu husafiri na chumvi yake! Mchuzi wangu chapwa?"

Akaliponda lote, akalimimina bakulini mwangu. Nikala, nikasifu. Wanafunzi, walioshindwa na pembe mhula mzima, wakainamisha vichwa vyote kwa pembe moja kuficha kicheko.

Mungu akupe afya, dada. Nikirudi nipikie chapwa kabisa, nitakula kimya.

Mdogo wako, Saidi