Kipunjabi cha Biji na Habari ya Nyumbani

S.L.P. 61,
Kitengela.
17 Juni 2001

Mpendwa ndugu yangu Njuguna,

Salamu nyingi kutoka kwetu. U hali gani huko Patiala, na lile joto ulilosema linakausha hadi mate mdomoni? Tumbo lako limezoea pilipili? Mimi niko na afya, mume wangu Peterson pia, na Kui wetu ameota meno mawili, anauma kila kidole anachopewa. Ninaandika bila Mama kujua. Sababu utaiona ukisoma hadi mwisho.

Utanicheka: dada yako amejifunza Kipunjabi. Tangu Januari nimekuwa nikimtunza Biji, yule bibi mzee wa Kalasinga wenye ghala la mbao hapa mjini. Kiharusi kilimnyang'anya mkono wa kulia na Kiswahili chote alichouzia mbao miaka arobaini. Alibaki na lugha ya mama yake, hiyo unayoisikia sokoni huko India kila siku. Nitamtunzaje mtu asiyeweza kuniambia anaumwa wapi? Nikaazima kitabu cha shule cha wajukuu wake, nikaanza.

Vilivyonitoa jasho ni vile vineno vya mahali. Sisi tunasema juu ya meza. Wao wanaitaja meza kwanza, ndipo wanasema juu: mez te. Mimi kila mara te mez, na Biji anafumba macho kana kwamba nimemtilia chumvi kwenye chai. Basi akanifundisha kwa mkono wa kushoto. Anapiga meza, anangoja niitaje, ndipo anaweka gilasi ya chuma juu yake. Te! Kisha anagusa kitanda, na gilasi inaenda chini: manje thalle. Chumba ni kamra, lakini ukiwa ndani yake hata jina linageuka, kamre vich. Da, di na de hazikunishinda, maana zinafuata kinachomilikiwa, kama wa, ya na cha zetu. Nikipatia, anacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Nilimpenda sana yule mama.

Kila asubuhi alikuwa na swali moja, na mwanzoni nilishika jina tu: Mohinder. Huyo ni mwanawe wa Uingereza. Alikufa kwa ajali mwezi wa Machi, na nyumba nzima ikakubaliana mgonjwa asiambiwe. Mke wa mwanawe mkubwa, anayeishi naye hapa, aliniagiza, "Wewe ambia yeye Mohinder iko safari, itakuja." Nikawa nasema hivyo, nikidhani anauliza atakuja lini.

Mwezi huu nikalielewa swali lenyewe. Mohinder mere naal naraz hai? Yaani, Mohinder amenikasirikia? Mtoto aliyempigia simu kila Jumapili alikuwa amenyamaza ghafla, na Biji miezi yote hiyo alilala pale akitafuta kosa alilomfanyia.

Nilivumilia siku nne. Jumanne nikamwambia, kwa maneno yangu machache, kwamba mwanawe amekufa. Alinitazama mpaka nikaogopa. Kisha akanionyesha kabati, nikamtolea mtandio mweupe wa msiba, nikamfunika kichwa, akamlilia mwanawe hadi adhuhuri. Jumatano hakuuliza tena. Alishika mkono wangu tu. Ijumaa nilifukuzwa kazi, na siwalaumu.

Sasa Njuguna, kabla hujaendelea, mwite Aweys unayekaa naye chumba kimoja. Akae karibu nawe.

Barua zako mbili tumezipata. Unauliza mbona Baba hajibu, na kama bado ana hasira kwamba uliacha uhandisi ukaenda kusomea mifugo. Mama alisema, "Wachana na yeye amalize mitihani kwanza," na baba mdogo Githongo akaunga mkono. Nami nikanyamaza kama wengine.

Baba yetu alifariki tarehe tisa Aprili. Alianguka kwenye soko la mbuzi Kiserian, na hakufika hospitali. Tulimzika nyumbani Matasia, juu kidogo ya nyumba yetu. Nisamehe, ndugu yangu. Nisamehe kwa wiki hizi zote.

Hasira yake ilidumu siku kumi hivi. "Nimetuma mtu India akasome kuchunga?" Baadaye aliwachosha wafanyabiashara wa Kiserian kwa hadithi za daktari wake. Mwezi wa Februari alianza kukujengea zizi la kutibia ng'ombe, kando ya lango. Nguzo nane alizichimbia mwenyewe, akawa anangojea mbao. Ziko pale. Hakuna aliyezigusa.

Lia, Njuguna. Mtihani ukikushinda, uache, utafanya mwingine. Mama na baba mdogo wangekusalimu kama wangejua ninaandika. Peterson anakusalimu, na Kui pia. Mpe Aweys shukrani zangu. Mungu akushike mkono usianguke ukiwa mbali nasi.

Baba hakuwa amekukasirikia.

Ni mimi dada yako, akupendaye hata ukinichukia leo,
Waruguru