Haikukuwa Karuho, Shangazi

Butembo, tarehe 9 Machi 2025

Mupendwa Shangazi Marie-Jeanne,

Wavukiri, Shangazi. Uko namna gani na maisha ya Bunia? Goti yako imeacha kuuma? Na Ornella amekwisha kuzaa? Siye huku tuko tunapumua, Mungu asifiwe. Mvua inanyesha kila siku, batoto wanarudi masomo na matope mpaka magoti.

Najua utashangaa kuona mwandiko yangu. Tangu ulienda, hapana hata mutu mumoja wa nyumba hii alikuandikia. Ni haya ilitufunga mikono. Papa, kaka yako, bado iko muzima, sikia hiyo kwanza. Lakini iko mugonjwa sana.

Unakumbuka siku ya kumaliza matanga ya mama yangu. Ulimupa Papa kasiksi, ile pombe ya ndizi, bila kuionja wewe kwanza, vile desturi inaomba, kuonyesha haina sumu. Ulisahau tu, juu ulikuwa unalia. Nyuma ya miezi mbili Papa akaanza kukonda: homa ya mangaribi, kizunguzungu kila akisimama, analamba chumvi kama mbuzi, na mikono ikakuwa nyeusi mpaka ndani ya viganja. Tukasema ni karuho, ile sumu inakula mutu polepole. Sitaficha, Shangazi: kinywa ya kwanza kutaja jina yako ilikuwa yangu. Ulifunga bintu byako ukaenda, na hukunitukana hata kidogo.

Wakati ya Ebola tulijifunza kukimbilia hospitali. Lakini mutu akikonda polepole, tunatafuta nani alimupa kinywaji! Tulipeleka Papa kwa mutu wa dawa ya miti, upande wa Kipese, amutapishe ile karuho. Miezi saba alikuwa anatapika. Mpaka siku alianguka hapa uani, ndipo tukafika hospitali, kwa Munganga Aristote. Echographie, ile picha ya ndani ya tumbo, ikaonyesha uvimbe mbili, moja juu ya kila figo, pale kuna tezi ndogo zinashika chumvi na nguvu ya mwili. Walikata kipande na sindano, ikaenda Kampala. Jibu ikarudi: lymphome, kansere ya namna haionekani mara nyingi.

Nilimuuliza munganga kama Papa atapona. Hakuzunguka na maneno. Papa ana miaka sabini na mbili, hiyo haitusaidii. Tezi zote mbili zimeshikwa, hiyo pia ni mbaya, basi kila asubuhi anakunywa vidonge vya kufanya kazi yao, na akiviacha anaweza kufa. Dawa ya kansere, ile inapita ndani ya mushipa, ndiyo inaongeza siku za mutu. Amepata mara moja huko Kampala, uvimbe ikapungua kidogo. Nikauliza: na ile miezi saba? Akaangalia karatasi zake. Akasema, “Kambere, ingetusaidia sana.”

Umri ya Papa ni kazi ya Mungu. Ile miezi saba ni kazi yangu. Tangu siku ile niko naona uchungu hata nikikula.

Nilimuambia Papa yote, akalia. Jumapili, nyuma ya misa, nikasimama mbele ya familia yote, baba mudogo Octave akiwa pale, nikasema nilikusingizia. Naomba musamaha, Shangazi. Ao unipige kwanza, halafu unisamehe.

Papa anataka kukuona mbele ya kurudi Kampala tarehe 25. Ukuye, tafadhali. Njia ya Eringeti usipite bila convoi ya basoda. Bibi yangu Bénie amekamua ndizi, na munganga amemuruhusu Papa kasiksi ya kulowesha ulimi tu. Hapana mutu mwingine ila wewe atamumiminia, amekatala kabisa.

Batoto, Thérèse na Kitsa, banakusalimia. Usalimie Ornella na bote ba kwako. Mungu Nyamuhanga akushike mukono njia yote.

Ni miye mutoto wa kaka yako, mwenye kukupenda na mwenye haya,

Kambere

Papa amenisomesha hii barua mara mbili. Anasema niongeze neno yake: “Muambie dada yangu asionje. Anipe miye kwanza.”