Siku Walipogawana Watoto Wangu

Bigwa,
Morogoro.
Jumanne, 4 Oktoba 1994

Mpendwa Kaka Fidelis,

Shikamoo kaka. Barua hii naomba ikukute mzima, wewe na Wifi Upendo na watoto, na ule mguu ulioumia karakana uwe umeshakubali kukanyaga. Mara ya mwisho uliandika kwamba huko Mpika baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Nilicheka kidogo, maana wewe hata hapa Bigwa ulikuwa unavaa sweta. Niambie pia kifua cha Wifi kinaendeleaje, na kama Paulo ameanza sekondari au bado mnazungushwa.

Mama yuko Matombo, hajambo. Macho tu ndiyo yanamsumbua, na yeye hataki kusikia. Anadai anaona vizuri, huku anachambua mchele na kutulisha mawe. Ndizi mwaka huu ni nyingi, ila barabara imeharibika hivi kwamba nyingine zinaivia njiani kabla hazijafika soko la mjini.

Barua hii anakuletea Hatibu wa Kisaki, mwenzako wa reli. Alikuja kuwaona wakwe zake hapa jirani. Nimempa mkononi kwa sababu ya yaliyomo, na wewe ukishaisoma ichome.

Shemeji yako Obiora hajambo. Chaki aliacha mwaka juzi, sasa ana duka la vipuri vya magari karibu na stendi, na nguo zake zote zinanuka mpira mpya. Siku hizi kila kitu ruksa. Unakumbuka wakati anakuja hapa Wanigeria walikuwa wawili watatu mji mzima, wote walimu. Sasa ukihesabu wa hapa na wa Dar es Salaam ni wengi, mpaka wana umoja wao wenye mwenyekiti, mhazini na faini kwa anayechelewa. Mwenyekiti ni Bwana Emenike, mwenye duka la dawa huko Dar.

Kila mwezi wanakutana nyumbani kwa mmoja wao. Zamu ikiwa yetu mimi napika tangu alfajiri. Ule mchuzi wao mzito nautengeneza kwa mbegu za maboga, kwa kuwa mbegu zenyewe hazipatikani huku, na wao wanakula wanasema unakaribia ule wa nyumbani. Kwa miaka kumi na mmoja unakaribia tu.

Lakini kaka, sisemi kwamba ni watu wabaya. Dada yetu Rosa alipofariki, wewe ulikuwa huko mbali na hukuwahi maziko, wao walikodi gari wakapanda mpaka Matombo na suti zao, wakakaa kwenye mikeka na kuchimba kaburi pamoja na vijana wa kwetu. Kene alipofanyiwa upasuaji hawakukosekana hospitali hata siku moja. Wangekuwa wabaya ningejua pa kuanzia.

Wana desturi moja. Mtoto akikaribia miaka kumi, anapelekwa kwao akalelewe na bibi yake, ajue lugha na ajue uwanja wa baba yake. Si amri iliyoandikwa mahali, ila asiyefanya anaulizwa kila mkutano. Mama Nkiru, mke wa mhazini, amepeleka watatu. Ni mtu wa kucheka sana, unajua. Siku moja tunaosha vyombo nikamuuliza aliwezaje. Akaniambia, "Wa kwanza utalia. Wa pili utazoea. Wa tatu utamfungia begi mwenyewe." Hakucheka.

Kene ametimiza miaka tisa mwezi wa Julai. Mwezi huohuo Obiora alimpeleka posta kupiga simu kwa bibi yake huko Nigeria, simu ya kusubiri tangu asubuhi. Ilipopatikana, yule bibi akaongea Kiigbo. Kene akashika mkono wa simu kwa mikono yote miwili, akasema shikamoo bibi. Bibi akauliza huyo ni nani. Obiora akamwambia ni mwanangu, naye akauliza tena ni nani. Waliporudi nyumbani shemeji yako hakugusa chakula. Hajaenda kwao tangu tuoane, kaka. Kwanza nauli haikuwapo, sasa nauli ipo lakini duka halina wa kumwachia. Mama yake amezeeka, na anaona kitu pekee anachoweza kumpelekea kabla hajafa ni huyu mtoto. Shuleni nako wenzake wanamwuliza Kene kama baba yake anauza dawa za kulevya. Obiora anasema mtoto wake hawezi kuwa mgeni huku na mgeni kule. Nikimsikiliza naona ana haki, na hilo linaniumiza zaidi.

Upande wa kwetu ndio unaoujua. Tangu Rosa atutoke, kwenye tumbo la Mama binti wa kuendeleza lukolo, ukoo wetu wa kikeni, ni wangu tu, huyu Adaora, ambaye Matombo wanamwita Yuliana. Mjomba Stephano kila akija anamtazama mikono. Anasema binti wa ukoo ana miaka saba na hajui kushika jembe, anajua kuimba nyimbo za Kiingereza. Mashamba ya bibi yatakwenda kwa nani? Na mimi namwelewa vilevile.

Nafikiri kosa lilitendeka siku ile ya posa, na halikutendwa na mtu mmoja. Wenzake Obiora walileta mvinyo, vitenge na mbuzi, wakahesabu kwamba watoto watakaozaliwa ni wa upande wao, ndivyo ilivyo kwao. Wazee wetu wakapokea kama shukrani tu kwa kumlea binti, maana kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama na hakuna mbuzi wa kubadili hilo. Watu walikaa mkeka mmoja, wakala, wakacheka, kila upande ukasherehekea ndoa ya kwao. Hakuna aliyeuliza. Mimi ndani nilikuwa nasukwa nywele.

Basi sasa sikia. Jumapili ya tarehe kumi na moja mwezi uliopita mkutano ulikuwa kwetu. Mjomba Stephano naye alishuka siku hiyo na mikungu yake ya ndizi, akakaribishwa akae na wanaume. Mimi nilikuwa jikoni uani na Mama Nkiru. Tulisikia wanapandisha sauti, baadaye zikashuka, halafu vikaja vicheko. Nikashukuru Mungu, nikajua wamepatana. Ni miaka mingi Mjomba na shemeji yako wanasalimiana kwa upande wa mdomo.

Nikaitwa. Naingia na sinia la wali, naona wamepasua kola, ile kokwa yao chungu wanayogawana wakipatana, Mjomba Stephano anaitafuna huku amekunja uso kwa uchungu wake na anajikaza asiteme. Obiora akasimama. Siku nyingi sijamwona na uso ule, ulikuwa uso wa siku ananichumbia. Akasema mbele ya wote, "Mama Kene, tumemaliza. Kene anakwenda kwa mama yangu, Adaora anakwenda kwa mama yako. Hakuna upande utakaolia."

Wakapiga makofi, kaka. Mjomba akaniambia nimebarikiwa kuolewa na mtu mwenye busara, kwamba wao wamemwachia mvulana kwa moyo mweupe, kwa sababu mvulana haendelezi ukoo. Nikatafuta mtu mmoja mle ndani ambaye angeuliza, na mama mtu atabaki na nani. Mama Nkiru alikuwa mlangoni nyuma yangu. Aliinamisha kichwa akalitazama sinia.

Nikasema ahsanteni. Ndivyo nilivyosema. Nikawapakulia na nyama.

Tangu siku hiyo natafuta mlango. Nilikwenda kwa Padre, akasikiliza mpaka mwisho, akaniambia ndoa nyingi za mchanganyiko zingekuwa na maelewano kama haya zisingevunjika, na akaomba kuitumia kwenye semina ya wanandoa. Nikajaribu kwa Obiora, kitandani, kwa upole. Akanishika mkono, akaniambia tutapata wengine. Anajua alivyosema daktari baada ya Adaora. Alikuwa amejisahau; alipokumbuka akageukia ukutani, na tangu hapo hatulizungumzi tena.

Nikawaza kumfuata Kene Nigeria. Nitakuwa nimemwacha Adaora. Nikawaza kupanda Matombo nikaishi na Adaora kwa Mama. Nitakuwa nimemwacha Kene, na mume wangu ambaye sijaacha kumpenda. Nikawaza kuwachukua wote wawili nitoroke nao, halafu nikajicheka. Nitorokee wapi, mimi ambaye ndugu zangu wote wako upande mmoja na wakwe upande wa pili, na pande zote mbili zimepatana? Zamani walipogombana nilipata pa kupumulia kati yao. Sasa wamekutana katikati, na katikati ndipo nilipokuwa nimesimama mimi. Naona hasira mpaka sahani zinanivunjikia mikononi. Wao wanafikiri ni uchovu, wananiambia nipumzike.

Mipango inakwenda. Adaora anapanda Matombo shule zikifungwa Desemba, Kene anaondoka Januari pamoja na mhazini anayekwenda kuwaona watoto wake. Kene ameambiwa atapanda ndege, hivyo anatembea uani amenyoosha mikono. Adaora anamwuliza kama Matombo napo kuna ndege.

Mlango ni mmoja tu nao ni wewe. Siku ile kabla hawajaondoka, Bwana Emenike alisema neno, na Mjomba akalikubali kwa kupeana mkono. Alisema, "Akibaki mmoja wabaki wote. Sitaki ukoo wowote uondoke hapa ukisema umeibiwa." Naye Mjomba Stephano akaeleza kwamba kwa desturi yetu yeye ni mzee wa ukoo, lakini mjomba wa hawa watoto ni wewe uliyetoka nami tumbo moja, na neno la kumpokea binti ni lako. Atakuandikia, au ameshakuandikia. Wote wanalichukulia kama jambo la heshima tu. Nani atamkataa binti wa nyumba yake?

Kaka, mkatae.

Najua ninachokuomba. Usiandike sababu ya upole, maana watapata jibu. Ukisema ni mdogo, watasubiri mwaka mmoja. Ukisema Mama amezeeka, watamtafuta msichana wa kumsaidia. Andika neno la kukata. Andika kwamba mtoto aliyelelewa na Wanigeria wewe humtambui kwenye ukoo, abaki kwa baba yake aliyemzaa. Neno la namna hiyo Mjomba hatathubutu kulipita, na mkono aliopeana na Emenike utamzuia Kene naye asiende.

Gharama yake nimeifikiria usiku na mchana. Adaora hatakuwa na shamba Matombo. Mama atalia, na atakufa bila kuelewa umeingiwa na nini. Kene hatajuana na bibi yake, na Obiora atazeeka na jambo hilo kifuani, nami nitakuwa namtazama kila siku nikijua aliyemfungia njia ni mimi. Nawe utaitwa mjomba aliyemtupa mtoto wa dada yake. Watoto wangu wenyewe watakua wakijua hivyo, kwa sababu sitaweza kuwaambia ukweli mpaka wakubwa hawa wote wawe wamelala chini. Sikuombi kwa sababu nina haki. Wenye haki walikaa wote sebuleni kwangu, wakala. Nakuomba kwa sababu nawataka watoto wangu, basi.

Usinijibu mimi. Barua zote za sanduku anachukua Obiora. Mjibu Mjomba peke yake, nami nitajua.

Na itakapofika, usije ukashangaa utakayoyasikia. Nitalia mbele yao. Nitasema kaka yangu ana roho mbaya, kwamba reli imemharibu, kwamba si mtu wa kumkanyagia nyumba tena. Nitasema kwa nguvu kuliko wote, kwa sababu nikinyamaza watanishuku. Hata ukija likizo sitakuandalia chakula, na huenda nisitoke chumbani. Usinifuate. Kaa na Mama, kula kwake, halafu rudi salama.

Nisalimie sana Wifi Upendo, mwambie kitenge alichotuma nimeshona na kimenikaa. Nisalimie Paulo na Neema, waambie wasome. Mama anakusalimu, Maimuna jirani anakusalimu. Kene na Adaora wanakusalimu sana mjomba wao, nimewaambia nakuandikia wewe na kila mmoja ametaka nitaje jina lake lote, basi ni Kenechukwu na Adaora Yuliana. Mungu akulinde kwenye mabehewa hayo, na akulipie hili ambalo mimi sitaweza kukushukuru hadharani hata siku moja.

Ni mimi dada yako akupendaye, hata pale nitakapokuwa nakutukana,

Veronika